Tarakimu 48

Skrubu za chini ya laptopu zilikuwa tisa. Nilizipanga mezani kwa mkao uleule zilivyotoka, kwa sababu mbili kati yake zilikuwa fupi kuliko nyingine, na skrubu ndefu ikirudishwa penye fupi huweza kutoboa kisichotakiwa kutobolewa. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu akimulika kwa tochi ya simu. Kifuniko kilipoachia tuliiona: kibao chembamba, upana milimita 22, urefu milimita 80, kimeshikiliwa na skrubu moja tu upande mmoja. Hiyo ndiyo SSD, hifadhi ya laptopu. Humo mlikuwa na miaka minne ya kazi yake: mahojiano 63 aliyoyakusanya kwa ajili ya tasnifu, sauti na maandishi yake, pamoja na picha za baba za miaka miwili ya mwisho.

"Dada, itasomeka?"

"Itasomeka," nikamjibu. Nilikuwa na hakika, kwa sababu kilichokufa kilikuwa ubao mama, ule mkubwa unaounganisha sehemu zote, na ubao mama ukifa SSD haifi nao. Unaichomoa, unaitia kwenye kasha la USB, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine, unanakili mafaili yako, basi. Nimewafanyia hivyo watu wengi.

Nikaitia kwenye kasha, nikaichomeka kwenye laptopu yangu. Taa ikapepesa. Diski ikatokea kwenye orodha, ila ikiwa na alama ya kufuli. Nilipoibofya ikaomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48.

Nywila yake aliijua. PIN yake aliijua. Ufunguo huo hakuwahi kuuona wala kuusikia.

Nieleze kidogo kilichotokea, maana kinaweza kumtokea yeyote mwenye laptopu ya miaka ya karibuni. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji fiche tangu siku ya kwanza, bila mwenyewe kuamuru chochote. Kufuli hiyo inaitwa BitLocker, na nia yake ni njema kabisa: mwizi akichomoa SSD yako asiweze kusoma hata herufi moja. Ufunguo wa kila siku hukaa ndani ya kidude kiitwacho TPM, ambacho kiko kwenye ubao mama au ndani ya prosesa. Ubao ukifa, ufunguo huo umekwenda nao. Unabaki ufunguo wa akiba, zile tarakimu 48, na kwa kawaida huo hupelekwa kwenye akaunti ya mtandaoni ya mtu wa kwanza kuingia kwenye mashine kama msimamizi.

Mtu wa kwanza kuingia hakuwa mdogo wangu. Alikuwa muuzaji. Ili mteja asisubiri, alifungua akaunti siku ileile, akaitayarisha laptopu kwayo, akaweka programu, kisha akamtengenezea mdogo wangu jina lake la kuingilia. Tulimpigia simu. Alikuwa muungwana, alihangaika siku mbili nzima akijaribu. Lakini akaunti ile ilifunguliwa kwa kazi ya mchana mmoja. Nywila hakuikumbuka, na laini ya simu iliyosajiliwa nayo hakuwa nayo tena.

Kwa hiyo data haikupotea. Nimeishika kwa vidole viwili, nzima, kila biti mahali pake, na hakuna mtu duniani atakayeisoma. Mahojiano 19 tuliyapata kwa sababu mdogo wangu alikuwa amemtumia msimamizi wake wa tasnifu kwa barua pepe. Yaliyobaki 44 yamo kwenye kile kibao, nami kibao nimekihifadhi kwenye droo.

Nilichojifunza ni hiki: hatukuipoteza kazi ile siku laptopu ilipokataa kuwaka. Tuliipoteza siku iliponunuliwa, ndani ya nusu saa ya kwanza, wakati yeye amesimama kando akisubiri akabidhiwe. Ndiyo maana siku hizi siwezi kuzungumzia kununua laptopu na kuhifadhi nakala kama mambo mawili.

Watu wakiomba ushauri wa laptopu huniuliza prosesa gani, RAM (kumbukumbu ya kazi) kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza: siku itakapokufa, vitu vyako utavitoaje? Swali hilo hubadilisha uchaguzi wenyewe. Kuna laptopu ambazo SSD yake inachomoka kwa skrubu moja kama ile ya mdogo wangu, na kuna ambazo hifadhi imechomelewa kwenye ubao mama moja kwa moja. MacBook za miaka ya karibuni ziko hivyo, na laptopu nyingine nyembamba nazo. Sisemi usizinunue, mimi mwenyewe nimewahi kuifanyia kazi moja kwa raha. Nasema tu kwamba ukinunua ya aina hiyo, hakuna bisibisi itakayokuokoa. Nakala iliyoko nje ya mashine ndiyo tegemeo lako pekee, kwa hiyo iwepo tangu wiki ya kwanza.

Pia kaa mbali na laptopu za bei ya chini kabisa zenye hifadhi ya eMMC, aina ya bei nafuu, ya GB 64. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 kama kiwango cha chini, hivyo nafasi inabana tangu siku ya kwanza. Nimeona watu wakifuta vitu vyao ili sasisho lipate nafasi, na katika kufuta huko ndiko vitu vya maana huondoka. RAM nayo, iulizie kama inaongezeka au imechomelewa. Ikiwa imechomelewa, nunua GB 16 tangu mwanzo kama uwezo upo, kwa sababu hutaweza kuongeza baadaye. Kuhusu kioo na kibodi sina mengi: kaa nayo, andika ukurasa mzima, vidole vyako vitakuambia.

Mengi zaidi yapo kwenye laptopu zilizotumika, nazo ndizo wengi wetu tunazonunua. Anza na kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 kuendelea, isipokuwa chache za kabla yake. Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe: i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, na i5-6300U ni cha 6, hata kama muuzaji anasema "ni i5 hii" kana kwamba i5 zote ni moja.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikitoka na 50,000 na leo inashika 31,000, hiyo ni asilimia 62, jua unachonunua. Kwa SSD au diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski yenyewe hujiandikia: imewashwa saa ngapi, imechakaa kiasi gani, kuna sekta mbovu au la. Ni dakika tano tu, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayekunyima hizo.

Na kuna jaribio moja ambalo nawasihi watu wasiliruke. Kabla ya kulipa, irudishe laptopu kwenye hali ya kiwandani, iunganishe na intaneti, uanze kuitayarisha upya hapohapo. Mashine zilizowahi kuwa mali ya kampuni au shule mara nyingine hubaki zimesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Ukiiwasha bila intaneti inaonekana huru. Ikigusa intaneti tu inadai uingie kwa akaunti ya taasisi usiyoijua. Kompyuta za Apple nazo zina kufuli yao ya kuamilisha inayofungamana na akaunti ya aliyekutangulia. Jaribio hili linafichua yote hayo. Tena lina faida nyingine kubwa, kwamba wewe ndiye unakuwa mtu wa kwanza kuingia.

Hapo ndipo kwenye nusu saa ninayoizungumzia. Usikubali kutayarishiwa. Hata kama muuzaji ni ndugu yako, hata kama anafanya kwa upendo, mwambie aiache kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Ingia kwa akaunti yako, yenye barua pepe unayoitumia kweli na namba ya simu iliyo hai. Kisha utafute ule ufunguo. Ukiwa msimamizi, fungua dirisha la amri kwa ruhusa za msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu 48 zitatokea, zimegawanywa mafungu manane ya sita sita. Ziandike kwa mkono kwenye karatasi. Zisome tena kwa sauti huku mtu mwingine akifuata. Karatasi isikae kwenye mkoba wa laptopu, maana mkoba ukiibwa vyote vimekwenda pamoja. Kwenye Mac, kufuli ya diski inaitwa FileVault, nayo ina ufunguo wake wa kurejesha. Ufanyie vivyo hivyo. Kwenye karatasi hiyohiyo mimi huandika namba za dharura za akaunti ya barua pepe. Google, kwa mfano, hukupa namba 10 za kutumia mara mojamoja siku ambayo simu haipo.

Sasa nakala zenyewe. Hapa lazima niseme jambo ambalo limewaliza wengi: folda inayojisawazisha na mtandao siyo nakala ya akiba. Google Drive, OneDrive, Dropbox zina kazi yake, na mimi nazitumia kila siku. Lakini kazi hiyo ni kuhakikisha kwamba kilichoko hapa kiko na kule. Ukifuta hapa, kule kunafutika. Ukiharibu waraka hapa, kule kunaharibika pia, tena kwa bidii. Kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha hakipo. Ukigundua siku ya 40 umechelewa. Nakala ya akiba ni kitu kingine: ni hali ya mafaili yako ilivyokuwa jana, wiki iliyopita, mwezi uliopita, mahali ambapo kosa lako la leo halifiki.

Wala usitegemee programu za kufufua mafaili kama zamani. Kwenye diski za kuzunguka, faili lililofutwa hubaki pale mpaka jingine liandikwe juu yake, ndiyo maana mafundi waliweza kulirudisha. SSD haiko hivyo. Ukifuta, mfumo endeshi huiambia SSD kwamba sehemu zile hazihitajiki tena, amri inayoitwa TRIM, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Mara nyingi hakuna cha kufufua.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo leo inajulikana kwa namba zake: 3-2-1. Nakala tatu za kila kitu ukihesabu na ile unayoifanyia kazi, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni laptopu, diski ya nje, na nakala moja ya mbali, iwe mtandaoni au diski ya pili iliyoko kwa mtu unayemwamini. Ndiyo maana bei ya laptopu, kwangu, ni bei ya laptopu pamoja na diski ya nje. Kama fedha haitoshi vyote viwili, nashauri laptopu ya daraja la chini kidogo na diski, kuliko laptopu nzuri iliyo peke yake. Diski iwe na ukubwa angalau mara mbili ya hifadhi ya laptopu, kwa kuwa utatunza humo na matoleo ya zamani ya mafaili.

Ile namba moja ya mwisho ndiyo watu huipuuza, na siyo watu binafsi tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo zima likateketea. Walikuwepo wateja waliokuwa na nakala, wamezilipia, lakini zilikuwa eneo lilelile na data zenyewe. Diski ya nje inayokaa juu ya meza pembeni ya laptopu ni jambo hilohilo kwa udogo wake: mwizi mmoja, moto mmoja, bomba moja likipasuka juu ya dari. Na ikiwa imechomekwa saa zote, virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta huifunga na yenyewe. Chomeka, chukua nakala, chomoa, weka mbali.

Programu ya kuchukua nakala unayo tayari. Kwenye Mac ipo Time Machine tangu 2007: hutunza nakala za kila saa kwa siku nzima, za kila siku kwa mwezi, na za kila wiki kwa muda wote kabla ya hapo, hadi diski ijae. Windows ina Historia ya Faili (File History), Linux ina Déjà Dup. Sitaki kubishana ni ipi bora. Iliyo bora ni ile ambayo kweli inafanya kazi bila kukumbushwa. Ila diski ya nje nayo ifunge kwa nywila, na nywila hiyo iingie kwenye ile karatasi.

Kuhusu flashi nina neno la kusema. Siitumii kama nakala ya akiba, na moja ya sababu ni flashi bandia. Nimeshika moja iliyoandikwa TB 2. Kompyuta nayo ilisema TB 2. Kumbe ndani mlikuwa na kama GB 32, na kidude kinachoiendesha kimefundishwa kudanganya. Unanakili picha, majina yote yanaonekana, ukubwa wa kila faili unaonekana, unatoa flashi umeridhika. Ukifungua picha ya baadaye ni kijivu kitupu, kwa sababu baada ya GB 32 maandishi yalikuwa yakienda pasipo kitu. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, hujaza chombo kizima kisha hukisoma tena chote kuhakikisha. Kila chombo kipya ninachonunua, hata diski ya jina kubwa, hupita hapo kwanza. Huchukua saa nyingi, niiache usiku.

Tunasema akiba haiozi. Hii huoza. Seli za SSD na flashi hutunza chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole zikikaa muda mrefu bila umeme, hasa kwenye joto. Diski za kuzunguka hukwama. Kampuni ya Backblaze, inayotunza maelfu kwa maelfu ya diski na kutangaza takwimu zake tangu 2013, huripoti diski kama moja au mbili katika kila mia zikifa kwa mwaka, tena hizo zinaishi kwenye ubaridi na umeme usiokatika. Nakala inahitaji kutembelewa.

Na kutembelewa siyo kutazama kama taa inawaka. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza mtandaoni kazi za waandika programu, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za nakala. Hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, na mimi huwaheshimu kwa hilo. Nilipoyasoma nilifikiria watu wangu wote ninaowauliza "unachukua nakala?" wakajibu "ndiyo". Sikuwahi kumuuliza mmoja wao: umewahi kurejesha?

Mdogo wangu alinunua laptopu nyingine baada ya miezi mitatu. Tulikwenda pamoja. Muuzaji alipotaka kuiwasha akamwomba kwa adabu aiache kwenye ukurasa wa lugha, akaitayarisha mwenyewe akiwa amesimama kaunta, nikashika kalamu yeye akasoma zile tarakimu, fungu baada ya fungu. Diski mbili za nje alinunua siku hiyohiyo. Moja iko kwake, nyingine iko kwangu, na kila tukionana tunabadilishana.

Aliwarudia watu wake mmoja mmoja. Kati ya wale 44, waliokubali kukaa naye tena ni 31. Wawili walikuwa wameshafariki.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nampigia simu, namtajia namba ya hojiano lolote linalonijia. Yeye huichomeka diski kwenye kompyuta ya mwenzake, siyo yake, hutoa nywila kwenye karatasi, hulitafuta faili, hulifungua. Mara ya mwisho nilimtajia 27. Nikasikia vitufe, kisha kimya, kisha kiti kinaburutwa, na sauti ya mama mmoja mtu mzima akikohoa na kuuliza kama aanze. Sauti ya mdogo wangu ikamjibu aanze anapotaka, hana haraka.

"Dada, inatosha?"

"Iache kidogo," nikamwambia.